Neno la Baba na Mawe ya Mnara

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Leo nimepanda mnara wa kanisa. Jukwaa la kupandia mafundi liko imara, lilifungwa Ijumaa. Nimepanda na nyundo ndogo na tochi, basi — siku ya kwanza sipendi kubeba vingi. Siku ya kwanza ni kugonga na kusikiliza.

Jiwe la kwanza limelia kama debe tupu. La pili vivyo hivyo. La nne uso wake wote umebanduka ukabaki mkononi mwangu, kama ganda la mkate wa juzi.

Saruji ya kwenye viungo, jiwe linapokutana na jiwe, iko vilevile ilivyopigwa. Ngumu, imenyooka, kingo zake zimekatwa vizuri kwa rula. Mawe ndiyo yamekwisha. Yamerudi nyuma vidole viwili, saruji imebaki imetokeza peke yake.

Kila fundi anajua sasa. Jiwe letu la hapa Scalthorpe ni laini, linakunywa maji na kuyatoa. Kwenye viungo panataka chokaa, kitu laini kuliko jiwe, maji yapitie hapo. Ukiziba kwa saruji maji yanakwama ndani ya jiwe. Baridi ikija yanaganda, jiwe linapasuka. Zamani hatukujua. Nasema hatukujua kwa sababu na mimi nimo — lile kanisa dogo la Wamethodisti, mwaka 1979, nilijaza saruji kwa mikono yangu hii.

Lakini mnara huu ni wa baba. Alijaza viungo vyake vyote mwaka 1962. Enoch Skelding, fundi mawe, miaka themanini na tatu, yu hai, akili zake timamu, na Jumamosi ya tarehe 21 atazungumza ukumbini juu ya neno la kazi hiyohiyo, kujaza viungo, ambayo kwa Kiingereza huitwa point! Tangazo limebandikwa mlangoni mwa kanisa: "Point — Neno Moja, Miaka Mia Sita."

Desmond Tranter, mzee wa kanisa, amenipa fomu ya ripoti ya wale wa mfuko wa majengo ya kale, tunaowaomba fedha za matengenezo. Swali la saba: Nani alijaza viungo mara ya mwisho, lini, na kwa kitu gani? Iwe posta si zaidi ya Ijumaa tarehe 20. Mwezi uliopita jiwe la mnara lilianguka hatua moja tu kutoka kwa mkewe, Muriel, akiweka maua kaburini. Ana haki ya kuuliza, Desmond. Sijui nitaandika nini.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepita kwa baba jioni. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo sina pa kujificha.

Meza ya jikoni haionekani. Vikaratasi! Masanduku matano ya viatu yamejaa. Anavikusanya miaka kumi na tano sasa kwa ajili ya watu wa kamusi: anasoma madaftari ya zamani ya ujenzi, akikuta neno limetumika ananakili sentensi, anaandika mwaka, anawapelekea. Mama enzi za uhai wake alisema afadhali hiyo kuliko baa.

Akanikatia mkate wa zabibu na jibini, akaanza. Kwanza neno lilikuwa ni kuchoma, kudunga kwa ncha. Likaja na Wafaransa, nao walilitoa kwa Walatini. Mwandishi akitia alama kwenye maandishi — point. Fundi cherehani akitia kamba za kufungia suruali kiunoni — point. Mbwa akimkazia macho ndege vichakani — point. Mtu akinyoosha kidole, jambo ambalo mama alitukataza mezani — point. Na fundi wa mapaa, miaka mia sita iliyopita, akiziba vigae kwa chokaa na manyoya ya ng'ombe, naye anafanya hilohilo. Kutoka paani likashuka ukutani.

Watu wa kamusi wanadhani limetokana na ncha ya mwiko wa fundi. Baba hakubali. Yeye anasema ni ndugu wa ile ya cherehani: ukuta unafungwa kama suruali, usipoufunga unadhalilika mbele za watu. Amewaandikia barua mbili. Wamejibu kwa adabu.

Halafu akauliza, hali ya mnara je? Nikasema mzuri kwa umri wake. Akasema, "Kama mimi." Nikacheka. Nimerudi nyumbani najichukia.

Ijumaa, 6 Septemba

Mvua kutwa. Nimetoboa kiungo kimoja upande wa kaskazini — ndani kumelowa chapachapa, na hatujafika hata vuli. Chokaa haitaki baridi. Tukichelewa mwezi huu na ujao, kazi itangoja hadi masika, na mnara utapigwa na majira mengine ya baridi. Hauwezi.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada, chai. Desmond akawaambia watu kwamba ripoti inaandikwa, na ya kwamba sasa tutamjua yule mchinjaji aliyeupaka mnara simenti. Alisema hivyohivyo, mchinjaji. Desmond alihamia hapa miaka tisa iliyopita. Hajui. Wengine wote waliokuwepo wanajua! Wakatazama vikombe vyao. Mmoja akauliza kama sukari imekwisha.

Baba alikuwa pale, hatua nne. Kifaa chake cha masikio alikuwa amekizima, hukizima kila mahubiri na mara nyingine hukisahau. Alikuwa anatafuna biskuti. Sijui kama alisikia.

Muriel Tranter ana mkono unaotetemeka tangu siku ile. Hushika kikombe kwa mikono miwili. Haongei juu ya jambo hilo, mumewe ndiye anaongea.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeandika ripoti. Kurasa sita, picha ishirini. Swali la saba nimejibu: "Fundi asiyejulikana, katikati ya karne hii, saruji."

Basi. Maneno machache tu. Nilijiambia mzee ana siku ngapi tena? Kazi yake yote ya haki, nyumba mia, kuta za mashamba, mawe ya makaburi ya nusu ya kijiji — mtu akumbukwe kwa kosa ambalo nchi nzima ililifanya? Nikajiambia na mengine. Nilijiambia mengi mno, ndiyo maana najua si sawa.

Nikampelekea Kasisi Bridget Oakden atie sahihi, maana fomu inataka sahihi mbili. Akasoma mpaka mwisho. Halafu akafungua kabati, akatoa bahasha. Barua mbili za mwaka 1962. Ya kwanza kasisi wa wakati ule anamwandikia baba: tafadhali upige point mnara wote kabla ya majira ya baridi. Kitenzi kimoja. Hakusema kwa chokaa wala saruji, wala baba hakuuliza, kwa sababu mwaka ule hakuna aliyeuliza. Neno lilikuwa lilelile la mababu, kilichokuwa kwenye karai ndicho kilichobadilika. Barua ya pili ni jibu la baba, amekubali, na jina lake kamili chini kwa herufi zake za pembe nne.

Kasisi si mtu wa kupayuka. Alisema kwa upole kwamba hatamtaja mtu yeyote kwa yeyote, hiyo si kazi yake. "Ila hapa siweki sahihi, Rowena. Anajulikana."

Nimerudi na kurasa zangu.

Alhamisi, 12 Septemba

Baba kanisomea hotuba yake. Nimekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Ni nzuri! Ana kipaji, huyu mzee. Sehemu ya suruali itawavunja mbavu. Akasoma vikaratasi vya mapaa, halafu vya madaraja, vya kuta za magereza, karne baada ya karne. Chokaa na mchanga. Chokaa na manyoya. Chokaa na majivu. Chokaa.

Akafika katikati, akasita. Akarudi nyuma karatasi mbili. Akasema polepole, kama anayejisemea, kwamba miaka mia nne na ushee neno hili lilikuwa na maana ya kitu laini. Halafu akavua miwani akaifuta, akauliza kama nimeona bei ya makaa mwaka huu.

Sitalala vizuri leo. Yule anajua kitu.

Jumamosi, 14 Septemba

Baba kaja kanisani na fimbo yake, kataka kupanda jukwaa. Nimekataa. Nikasingizia bima. Akasema alipanda mnara huu kabla sijajua kushika nyundo, na siku hizo bima ilikuwa ni kutazama unapokanyaga. Nikamwambia ndiyo, na goti lako je? Akasema goti halijaalikwa, amekuja yeye.

Lakini hakupanda. Alisimama chini, akaweka kiganja kwenye ukuta, akakiacha pale muda mrefu kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu akaenda zake bila kuaga. Baba bila kuaga! Hajawahi.

Jumanne, 17 Septemba

Ripoti haipo.

Niliiacha karakanani juu ya mfuko wa chokaa, jana jioni, nilipokuwa natafuta namna ya kuandika upya lile jibu. Leo asubuhi mfuko upo, ripoti haipo. Mlango haukuvunjwa. Mwenye ufunguo mwingine ni mmoja tu.

Nimeona taa ya jikoni kwake. Sikugonga. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, nimekimbia kwa kunyata kwenye uwanja wa baba yangu kama mtoto aliyeiba matofaa.

Jumatano, 18 Septemba

Hakuna kitu. Baba hakutoka hata kwenda dukani. Desmond amenipigia simu mara mbili kuuliza ripoti. Nimemwambia kesho.

Alhamisi, 19 Septemba

Baba ameniita. Naandika yote, nisije nikayapunguza baadaye.

Meza ilikuwa tupu. Masanduku ya viatu yamefungwa kamba, yamepangwa chini ya dirisha. Juu ya meza ripoti yangu tu, imefunguliwa ukurasa wa tatu. Chai hakunipa.

"Rowena, mimi sijulikani?"

Nikasema nilitaka kumstahi. Akauliza tangu lini kumfuta mtu kukawa kumstahi. Akasema miaka hamsini ameweka mawe katika wilaya hii, kila jiwe amelisimamia, na leo binti yake mwenyewe anamwandika kama mwizi wa kuku aliyeruka ua. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepumua.

Nikamwambia, Baba, hukujua. Hakuna aliyejua mwaka ule. Hilo nitaliandika vizuri, watu wataelewa.

Akatazama mikono yake. Ndipo akasema. Mwaka 1981, mwezi wa Machi, alipanda kuzibua mifereji ya mvua ya kanisa. Akaona uso wa jiwe moja umebanduka, kaskazini, chini ya dirisha la kengele. Halafu la pili. Saruji yake nzima. Akaelewa palepale, akiwa bado amesimama kwenye ngazi. Akashuka, akala chakula cha mchana, hakumwambia mtu. Hata mama.

Miaka kumi na tano!

"Unadhani vikaratasi hivi nilivikusanya vya nini?"

Nikasema, vya watu wa kamusi.

"Nilikuwa namtafuta mtu mmoja. Mmoja tu, katika hiyo miaka mia sita, aliyeziba jiwe laini kwa kitu kigumu na ukuta wake ukasimama. Nikimpata, nilale."

Nikauliza kama alimpata. Akasema amewapata wengi waliofanya. Ukuta uliosimama, hajapata hata mmoja.

Hapo hasira ikanipanda, sifichi. Nilidhani nitamhurumia, kumbe hasira ilikuwa imekaa mbele ya huruma. Nikamwambia mwaka 1981 ile saruji ingetolewa na nusu ya mawe yale yangepona. Nikamwambia habari za Muriel Tranter, hatua moja. Nikamwambia mkono wake unatetemeka. Akasema anajua. Amemwona akishika kikombe. Kila Jumapili amemwona.

Kwa hiyo alisikia, siku ile ya mchinjaji. Alisikia kila neno huku anatafuna biskuti.

Nikalia, mimi. Yeye hakulia. Akanisukumia leso yake, ina vumbi la penseli.

Ijumaa, 20 Septemba

Asubuhi nimekwenda na fomu mpya. Nilikuwa nimeandika: Enoch Skelding, 1962, saruji, kwa desturi ya mafundi wa wakati ule. Ukweli, na umevaa nguo ya heshima. Niliridhika nao.

Baba akasoma. Akatoa penseli sikioni, akaiweka chini, akaomba kalamu ya wino. Chini ya maneno yangu akaongeza kwa herufi zake za pembe nne: "Niliona kosa Machi 1981. Nikanyamaza. E.S."

Nimemsihi. Nimesema wale wa mfuko hawahitaji hilo, swali halikuuliza hilo. Nikasema watu wakilijua hilo hawatamwangalia tena kama zamani — kosa watalisamehe, la kunyamaza sijui. Akanijibu kwamba mimi nimenyamaza siku kumi na saba tu na angalia nilivyokonda. Mzee mbaya huyu. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Kasisi Oakden ametia sahihi. Alisoma mstari ule mara mbili, akaketi. Akauliza kama Desmond ameambiwa. Nikasema bado. Akasema Desmond ataona nakala Jumatatu, na afadhali asiione kwanza kwenye karatasi.

Nimeifikisha posta saa kumi na moja na robo. Imekwenda.

Nilipomwuliza baba kama tuahirishe hotuba ya kesho, alisema ukumbi umekwisha lipiwa na keki zimekwisha okwa. Nikamwuliza atasema nini. Akasema anajua neno moja tu, atasema juu ya neno hilo.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika hapahapa ukumbini, safu ya nyuma, karibu na mlango. Saa nane na dakika hamsini. Nikiacha kuandika mikono itafanya kitu kingine.

Wamejaa. Sikutegemea. Labda sabini. Viti vya kukunja vimekwisha, wengine wamekaa kwenye dirisha. Mboga za sikukuu ya mavuno zimepangwa mbele, maboga, vitunguu, mkate mkubwa wa umbo la mganda wa ngano. Baba yuko pembeni ya jukwaa, kavaa koti la harusi yangu — yaani alilovaa siku ya harusi yangu. Masanduku ya viatu hakuja nayo hata moja. Watu wameuliza, vikaratasi viko wapi, Mzee Enoch? Amewaambia vimepumzika.

Muriel amekaa safu ya kwanza, katikati. Amempungia baba mkono. Baba ameinamisha kichwa kwake, sana, zaidi ya salamu.

Nilijaribu kumfikia Desmond kabla hawajaanza. Nilimshika kiwiko. Nikasema Desmond, kuna jambo. Akasema baada ya chai, Rowena, baada ya chai, na akaniambia ripoti imemfurahisha hata kabla hajaiona, kwa kuwa imekwenda kwa wakati.

Kasisi Oakden amekaa upande wa pili. Tumetazamana. Amefumbata mikono.

Saa tisa. Desmond amesimama kumtambulisha. Anamsifu! Anasema kijiji kina bahati. Anasema wakati mnara wetu unalia kwa kazi ya watu wasiojali, tunaye hapa mtu aliyetumia maisha yake kuujali ukuta na neno lake pia. Watu wa hapa tangu zamani wanatazama magoti yao. Safu tatu mbele yangu mtu amekohoa kikohozi cha uongo. Desmond anapiga makofi peke yake, kisha wote wanapiga.

Baba ameinuka. Ameacha fimbo kitini. Amekwenda mpaka mbele kwa goti lile, polepole, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ameshika ukingo wa meza ya maboga. Amepandisha mkono sikioni, amewasha kifaa chake. Nimesikia mlio wake mpaka huku nyuma.

Hakunitazama mimi. Anamtazama Muriel.

"Jina langu ni Enoch Skelding," amesema.

Watu wamecheka. Ukumbi mzima — nani hamjui! Desmond naye anacheka, anampigapiga mkewe begani. Mtu kwenye dirisha amesema kwa sauti kwamba hilo tulilijua, Mzee, tangu tubatizwe, na kicheko kimeanza upya.

Baba hacheki. Ameshika meza. Anasubiri wamalize, aseme lile la mnara.